Kofia Akikimbilia Mlango

Stendi ya mabasi ilikuwa imefurika asubuhi ile. Wapiga debe walishindana kwa sauti, wenye mizigo walikanyagana bila kuombana radhi, na katikati ya vurugu hiyo mwanamume mmoja mrefu, shati lake la samawati limechomoka upande mmoja, alikuwa akiburutwa na mbwa.

Nasema kuburutwa, na sitii chumvi. Mbwa mwenyewe alikuwa mweupe mwili mzima, isipokuwa baka jeusi lililomkaa kichwani kama kofia iliyovaliwa upande. Alikuwa ametulia kabisa, hana hili wala lile, mpaka mwanamke mmoja aliposhuka kwenye basi na simu sikioni akasema kwa furaha, "Nimefika! Nimefika, mpenzi, uko wapi?" Hapo mbwa aliruka kama aliyeitwa kwa jina. Mwanamke akapiga yowe, mfuko wake wa machungwa ukapasuka, na watu wazima na heshima zao wakapanda juu ya mabenchi.

"Usivute!" sauti ya kike ilisema pembeni. "Kaka, legeza kamba. Ukivuta na yeye anavuta."

Msemaji alikuwa amevaa suruali nyeusi yenye mifuko mingi, viatu vya chini, na kitambaa cha kijani kichwani. Hakumkimbilia mbwa wala hakumkaripia. Alisimama ubavu ubavu, akatia mkono mfukoni, akadondosha vipande vya maini makavu chini, kimoja baada ya kingine, mpaka pua ya mbwa ikasahau kila kitu kingine duniani.

"Dada, samahani sana," mwanamume alisema, jasho likimtiririka.

"Mwombe samahani yule mama wa machungwa. Mimi hajanifanya kitu."

Waliokota machungwa pamoja, wakalipa yaliyopondeka, kisha wakajikuta wamesimama kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, mbwa akiwa ameketi katikati yao kama mtoto wa watu.

"Anaitwa nani huyu mtukutu?"

"Kofia."

"Na wewe?"

"Mimi wananiita Fundi. Natengeneza makochi."

"Mimi wananiita Mwalimu. Nafundisha mbwa."

Fundi alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. "Ehe! Wanasoma mpaka darasa la ngapi?"

"Inategemea wazazi. Wazazi wakiwa wasikivu, mtoto anamaliza mapema."

Safari hii walicheka wote wawili. Mwalimu aliona vumbi la sponji kwenye nywele za yule mwanamume, na vidole vyake virefu vyenye alama za sindano, na macho yake ambayo hayakucheka pamoja na mdomo. Basi lake liliondoka bila yeye. Alilitazama likienda na wala hakujali.

Shida ya Kofia haikuwa stendi tu. Kila jioni, Fundi alieleza, alikimbilia mlango wa nyumba, akaukwaruza, kisha akalia kilio kirefu cha kupasua moyo. Mbwa alikuwa wa mkewe, na mkewe alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya ghafla. Wapangaji wengine walikuwa wamechoka. Mama mwenye nyumba alikuwa amesema kwa upole, lakini alikuwa amesema: mwisho wa mwezi unaofuata, ama mbwa anyamaze ama aondoke.

"Akiondoka huyu," Fundi alisema huku akimshika Kofia sikio, "basi nyumba ile imebaki na mimi tu."

Mwalimu alimkubalia pale pale, na ada akaitaja ndogo kuliko ile anayowatoza watu wote.

Nyumba ya Fundi ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na karakana ndogo uani. Ndani kulikuwa na kochi la rangi ya zambarau lililokuwa halijamalizwa, misumari yake ikionekana upande mmoja. Fundi hodari, makochi yake yamejaa sebule za watu, na lake mwenyewe limekaa uchi! Mwalimu alitaka kumtania, lakini aliona jinsi alivyolizunguka bila kuligusa, akaacha.

Mafunzo yalianza na kutoka na kurudi. "Mbwa anayeogopa kuachwa," Mwalimu alifundisha, "hafundishwi kwa fimbo. Tunatoka kidogo, tunarudi. Tunatoka tena, tunakawia zaidi. Ukitoka, usiage. Ukiaga kwa huruma unamwambia kuna jambo baya linakuja. Na ukiwa nje ukamsikia analia, usirudi. Subiri anyamaze, ndipo ufungue mlango. Ukirudi akiwa analia, umemlipa kwa kulia."

"Roho yako ngumu, Mwalimu."

"Roho yangu laini, kazi ndiyo ngumu."

Basi wakawa wanatoka wote wawili bila kuaga, wanafunga mlango, wanasimama kwenye ngazi wakisikiliza. Haikuruhusiwa kusema neno, maana Kofia angesikia. Ni mahali pa ajabu pa kuanzia mapenzi, kwenye ngazi za saruji zenye harufu ya sabuni ya kudekia, bega kwa bega, mtu akizuia pumzi kwa ajili ya mbwa. Siku moja Fundi alipiga chafya. Mwalimu alimziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kile hakikuondoka upesi.

Baada ya hapo simu zikaanza.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Kofia je?"

"Kofia, Kofia! Mimi huniulizi?"

"Wewe umekaa vizuri leo?"

"Nimekaa vizuri, nimetii, sijabweka hata mara moja. Sasa kipande changu cha maini kiko wapi?"

"Njoo kesho utakipata."

"Usinifundishe kama mbwa, mwanamke wewe," Fundi angesema, na Mwalimu angecheka peke yake kitandani mpaka mbavu zimuume. Alikuwa amefika umri ambao shangazi zake walikuwa wameacha hata kumuuliza ataolewa lini. Sasa alijikuta akijitazama kwenye kioo kabla ya kwenda kazini, akivaa hereni ndogo za dhahabu ambazo mbwa hawana habari nazo. Alikuwa amependa, na alijua.

Jambo moja tu lilimtatiza. Mchana Kofia alikuwa akisonga mbele vizuri. Aliachwa peke yake mpaka soko likafungwa na hakutoa hata mguno. Jioni, Mwalimu akishaenda kwao, kilio kilirudi pale pale. Mama mwenye nyumba alimpigia simu mwenyewe: "Mwanangu, mimi mbwa simchukii. Ila analia kama mtu. Jana mpangaji wangu wa chini amelia naye." Mwalimu alibadilisha chakula, akabadilisha saa za matembezi, akahamisha godoro la Kofia mbali na mlango. Wapi! Kazi yake ilimshinda kwa mara ya kwanza, na ilimshinda kwenye nyumba aliyotaka kuliko zote isimshinde.

Jioni moja aliamua kwenda bila kupiga simu, asikilize kilio kinavyoanza. Alivaa gauni jipya la maua ya njano, maana si kila kitu ni kazi, akapanda ngazi kwa ncha za vidole. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya mwanamke ndani.

"Nimefika, mpenzi. Funguo nimesahau tena, usinicheke. Nifungulie, na huyo Kofia mshike asinichafue."

Ilikuwa sauti nzuri, yenye kicheko ndani yake, sauti ya mtu mwenye nyumba yake. Mwalimu aliurudisha mkono uliokuwa karibu kugonga. Mara akasikia kucha za Kofia zikija mbio sakafuni, kwaruzo mlangoni, kisha kilio. Palepale angeweza kuelewa kila kitu. Mbwa alikuwa amemweleza, na kuelewa mbwa ndiyo kazi yake. Lakini wivu ulikuwa umeshamziba masikio. Alichoelewa ni kwamba mwanamke amepiga simu kutoka getini, anajulikana hata na mbwa, anapanda sasa hivi, na yeye atakutwa hapo kasimama na gauni lake la maua kama mjinga.

Alishuka mbio. Getini mwanamke mmoja mrembo, kavaa nguo nyekundu iliyomkaa sawasawa, alikuwa akishuka kwenye teksi na mifuko miwili. Alimsalimia Mwalimu kwa tabasamu. Mwalimu alimpita mbio.

Simu ya Fundi iliita asubuhi, ikaita mchana, ikaita jioni. Haikupokelewa.

"Mdogo wangu, mpokee umtukane," dada yake Mwalimu alishauri kupitia simu nyingine. "Kumnyamazia mtu si adhabu, ni kumpa nafasi ya kupumua."

"Nampa mgongo. Mbwa akirukia watu tunampa mgongo, mpaka ajue amekosea nini."

"Na huyu anajua amekosea nini?"

Mwalimu alianza kuhesabu kamba zake za mbwa.

"Aliyekufundisha kazi hiyo akurudishie ada yako," dada akasema, akakata simu.

Fundi alikuja mwenyewe, kwenye uwanja wa mazoezi nyuma ya ghala la zamani, mahali Mwalimu alipokuwa akifundisha mbwa watatu wasigombanie bakuli. Alikuja na Kofia. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri, lakini uso ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Mama mwenye nyumba amenipa mpaka Jumapili ijayo," alisema. "Nimekuja kukuomba. Kama umenichoka mimi, sawa. Kofia hajakukosea."

"Mwombe mwenzako akusaidie. Yule anayesahau funguo."

Rangi ilimtoka Fundi usoni. Halafu alitoa simu mfukoni, akabonyeza, na sauti ile ikajaa uwanjani. *Nimefika, mpenzi. Funguo nimesahau tena, usinicheke.* Kofia alichomoka, akakimbilia geti la uwanja, akasimama hapo mkia ukipepea, akitazama barabara. Alingoja. Mkia ukapunguza kupepea, ukapunguza, ukashuka. Kisha akainua pua na kulia.

"Ndizo jumbe tatu za marehemu mke wangu nilizo nazo," Fundi alisema. "Hii ndiyo ya mwisho."

Mwalimu alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni; yule wa teksi na nguo nyekundu alikuwa mpita njia tu. "Unamsikiliza kila jioni?"

"Kila jioni."

"Na ukaniacha mimi nihamishe magodoro! Fundi, kilio kile unakifundisha wewe!"

"Najua. Nilijua tangu ile siku ya stendi."

"Kwa nini usitumie hedifoni?"

"Nilijaribu." Alikuwa akiongea na ardhi. "Nikimsikia peke yangu naelewa kabisa amekufa. Lakini Kofia akikimbilia mlango... akikimbia vile, ana uhakika vile, na mimi naamini kidogo. Kabla hajaanza kulia. Ni muda mfupi tu, Mwalimu, lakini ndio ninaoungoja tangu asubuhi."

Mwalimu alitaka kumkumbatia, na alitaka kumpiga, na hakufanya lolote kati ya hayo. Mbwa wale watatu walikuwa wamemaliza chakula chao chote na kulamba bakuli.

"Basi acha kuicheza," alisema mwishowe.

"Siwezi. Nimeapa mara ngapi."

"Basi itabidi tumzoeze." Aliongea taratibu, maana alijua anachokisema. "Tutaicheza mchana, akiwa na njaa, kwa sauti ndogo kwanza. Kila ikisikika anapata nyama, na hakuna anayeingia. Tena na tena, mpaka iwe kama kelele za gari kwake."

"Mpaka asimngoje tena."

"Ndiyo."

"Yeye ndiye mtu pekee anayemngoja pamoja na mimi."

"Najua, Fundi wangu. Hutaki, sema. Sitakulaumu."

Fundi alipiga magoti, akamvuta Kofia kifuani. "Wakimchukua atakufa," alisema. "Njoo kesho."

Usiku ule Mwalimu hakupata usingizi. Jambo moja lilimsumbua: alikuwa akimfanyia nani kazi hii? Kofia, asifukuzwe? Au yeye mwenyewe, ile sauti nzuri itoke katika nyumba ile ampishe? Alijiuliza mpaka akachoka, na jibu aliloliona hakulipenda. Ni yote mawili.

Wiki ile yote walifanya kazi. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha jikoni na mfuko wa nyama ya kuchemsha, Fundi akaketi ukutani na simu. Hawakutaniana. Fundi alibonyeza, sauti ikanong'ona, nyama ikatoka. Siku ya kwanza Kofia aliiacha nyama chini akakimbilia mlango. Siku ya pili alikimbia, akasita katikati ya chumba, akarudi kula. Kila mara aliporudi nyuma, Fundi aliyafumba macho. Siku nyingine aliomba wapumzike, akaenda karakana, na Mwalimu akasikia nyundo ikigonga misumari kwa nguvu isiyohitajika.

Mwalimu aliijua sauti ile sasa kama ya shoga yake. Alijua pale inapovuta pumzi kabla ya kusema "usinicheke." Siku moja alijikuta akitabasamu pamoja nayo, na akatamani angalau wangekutana, wamseme Fundi wote wawili kwa ajili ya lile kochi lake.

Jumamosi Mwalimu alikuja amevaa lile gauni la maua, na Fundi akafungulia sauti mpaka mwisho.

*Nimefika, mpenzi. Funguo nimesahau tena, usinicheke. Nifungulie, na huyo Kofia mshike asinichafue.*

Kofia aliinuka. Hakuutazama mlango hata kidogo. Alitembea bila haraka, kucha zikigonga sakafu, akaja akaketi wima mbele ya Mwalimu na kuutazama mfuko wake.

"Tena," Fundi alisema, akabonyeza mwenyewe.

Sauti ikaomba kufunguliwa. Kofia alilamba midomo, macho yake kwenye mkono wa Mwalimu.

Fundi alibonyeza mara ya tatu. Halafu akaizima simu, akaiweka juu ya kochi lisilomalizwa.

"Amefaulu," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Hongera, Mwalimu. Wewe ni hodari kweli."

"Fundi..."

"Naomba uende. Sikufukuzi. Naomba tu uende."

Mwalimu alikunja mfuko wake wa nyama. Alitaka kumwambia kwamba anampenda, kwamba hakutaka iwe hivi, kwamba alitaka iwe hivi na ndiyo maana anaona aibu. Badala yake alitoka bila kuaga, kama alivyofundisha, akaufunga mlango taratibu.

Miguu ilimsimamisha yenyewe kwenye ngazi, pale walipozoea kusimama wawili. Alisikiliza. Kofia hakukwaruza, hakulia. Mlango wa chini ulifunguka na mama mwenye nyumba akachungulia na kitambaa chake cha jikoni begani, uso umemchangamka.

"Kimya!" alinong'ona. "Nimesikia ile sauti mnayoicheza mara tatu, na mbwa kimya! Mwanangu, mkono wako una dawa."

Hapo ndipo kilio kikaja. Kilikuwa cha mtu mzima, kilianza chini, kikajizuia, kikashindwa. Kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu, kikisubiri mbwa amalize zamu yake. Tabasamu la mama mwenye nyumba likafifia. Alijifuta uso kwa kile kitambaa, akaurudisha mlango wake polepole.

Mwalimu alishika reli ya ngazi kwa mikono miwili. Alikuwa amewaambia watu wengi mno: usirudi akiwa analia, subiri anyamaze. Alikuwa amewashika mikono akina mama waliokuwa wakilia wenyewe, akawazuia pale pale nje ya milango yao. Alijua pia kile kilio kinamlilia nani. Angeingia sasa angeingia kwenye msiba wa mwanamke mwingine, tena msiba aliousukuma kwa mkono wake, na pengine angeambiwa atoke mara ya pili.

Alifungua mlango.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kochi la zambarau, akimwita mkewe kwa jina. Mwalimu alikuwa hajawahi kulisikia. Lilikuwa jina zuri. Kofia alikuwa amelala kando, kidevu juu ya mguu wa bwana wake. Mwalimu aliketi chini na gauni lake la maua ya njano, akamvuta yule mwanamume mrefu kifuani, na machozi ambayo hayakuwa yake yakamlowesha bega.

Walikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukageuka. Fundi hakunyamaza upesi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Umerudi," alisema baadaye kati ya kwikwi.

"Nimerudi."

"Na bado nalia. Si ulisema mtu harudi mpaka..."

"Hiyo ni ya mbwa, Fundi."

Fundi alijaribu kucheka, ikashindikana, akalia tena. Mwalimu alimshikilia. Mlango walikuwa wameusahau wazi. Kofia aliinua kichwa, akautazama kidogo, kisha akakilaza tena juu ya mguu wa Fundi.